Malalamiko Dhidi ya Mgeni Aliyesoma Kibati cha Mashine Yangu

Kwa Mratibu wa Ushirikiano na Vituo vya Ng'ambo,
Kituo cha Elimu ya Watu Wazima,
Ghorofa ya juu, mlango unaotazamana na ngazi.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA USHIRIKIANO WA KIMATAIFA KABLA HAUJALETA MADHARA ZAIDI

Ndugu Mratibu,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako, umetulia, chai yako haijapoa. Mimi ni mwenye duka la dobi lililo kwenye kona, katikati ya fundi viatu na muuza vioo. Nimelisimamia miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo hakuna swali lililoulizwa dukani mwangu likakosa jibu. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Kama unavyojua, maana saini ni yako, mwaka huu kituo chenu kilifunga ushirikiano na kituo kama hicho cha ng'ambo. Wanafunzi watu wazima kumi na wawili wa kule walikuja kukaa siku kumi na wanafunzi watu wazima wa hapa. Walilala majumbani mwao na kwenda nao makazini, ili kila upande ujifunze kutokana na tofauti za mwenzake. Getini mlitundika kitambaa: TOFAUTI ZETU NI DARASA LETU. Mke wangu, ambaye ni mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili, aliomba apewe mgeni. Nilikubali kwa moyo mweupe. Hilo ndilo kosa langu la pekee katika mambo yote nitakayoyaeleza.

Lalamiko la kwanza linahusu hadhi.

Fomu yenu iliuliza, "Ungependa mgeni wa aina gani?" Mke wangu alitaka kuandika "yeyote". Nikamwomba kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: "Profesa, au mtu wa karibu na hapo." Nikapaka rangi chumba cha uani. Nikaandaa hotuba ya kurasa tatu kuhusu historia ya sabuni. Siku ilipofika gari lenu likasimama mlangoni, akashuka mama wa makamo, mfupi, mabega mapana, kabeba begi lake mwenyewe. Mwalimu wenu, anayeijua lugha yao, akamtambulisha: "Huyu ni mfagiaji wa barabara. Alianza kujifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na minne." Yule mama akatikisa kichwa kukubali, tena kwa furaha, kama mtu aliyetajiwa shahada zake. Jirani yangu fundi viatu alikuwa amesimama pale na nyundo mkononi, akasikia kila neno.

Ndugu Mratibu, katika mtaa wetu asiyejua kusoma huvaa miwani. Ndiyo heshima. Kuna mzee mmoja hununua gazeti kila asubuhi, akalikunja na kulitia kwapani, na hakuna aliyewahi kumkosea adabu kwa kumuuliza habari. Hotuba yangu ya sabuni ipo hadi leo, haijaguswa.

Lalamiko la pili ni neno "sijui".

Mgeni alikuja na neno moja tu la Kiswahili, "taratibu", alilofundishwa na mtu wa kiti cha jirani ndani ya ndege. Alilitumia kusalimia, kushukuru na kukataa kikombe cha pili cha chai, tukamwita Mama Taratibu. Sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu ni na neno alilolitumia kwa lugha yake, bila kiasi. Jioni ya kwanza mwalimu alibaki kula nasi ili atafsiri. Nikamuuliza mgeni, kwa adabu, nchi yao ina watu wangapi.

"Anasema hajui," mwalimu akajibu.

Nikamuuliza reli yao ya kwanza ilijengwa lini. Hajui. Nikamuuliza kwa nini mvua ya kwao huganda.

"Anasema hajui, ila angependa kujua. Anauliza, je, wewe unajua?"

Niliyajibu maswali yote matatu mwenyewe, papo hapo, na hakuna mtu pale mezani aliyeweza kuthibitisha kuwa nimekosea.

Ugonjwa huu unaambukiza. Keshokutwa yake mteja alimuuliza mke wangu, anayekaa kaunta, shati lake litakuwa tayari saa ngapi. Kwa miaka yote jibu la duka letu ni "saa kumi kamili". Likiwa halijawa tayari saa kumi kamili, hilo linazungumzwa saa kumi kamili. Mke wangu akasema, "Kwa kweli sijui, kaka yangu. Mashine inasumbua, haimwagi maji vizuri. Pitia kesho." Nilisubiri mteja afoke. Akasema, "Asante kwa kunieleza ukweli," akaenda nyumbani kwake, akarudi na mapazia. Wateja wa namna hii wakizidi, biashara itabaki haina siri hata moja.

Lalamiko la tatu ni kibati chenyewe.

Mashine yangu kubwa ya kufulia niliinunua ikiwa imeshatumika, nayo ilitengenezwa huko huko kwa kina Mama Taratibu. Ubavuni ina kibati cha mistari mitatu kwa lugha yao. Siku ya kwanza mfanyakazi wangu mkunjaji wa nguo aliniuliza, "Bosi, hapa pameandikwa nini?" Sasa niambie, Ndugu Mratibu, ungefanyaje? Uongozi ni kujibu. Nilikitazama kibati kwa muda unaostahili, kisha nikawasomea masharti saba. Siyakumbuki yote. Moja lilisema mashine ipumzike saa saba hadi saa nane mchana, pamoja na msimamizi wake. Jingine lilisema mashine isiachwe na nafasi, ijazwe mpaka mlango ukatae. La saba lilisema asiikaribie mtu mwenye maneno mengi. Wafanyakazi waliyashika masharti hayo kwa moyo, na kazi ilikwenda.

Siku ya nne Mama Taratibu alikuja dukani. Alianza kwa kukaa kaunta na mke wangu, ambaye kabla ya kuja kituoni kwenu alikuwa hajui kuandika. Kwa hiyo alitambua nguo za kila mteja kwa nyuzi za rangi na mafundo: uzi wa buluu mafundo mawili ni fundi viatu, mwekundu na mweupe ni nesi wa ghorofani, na kadhalika. Hajawahi kupoteza soksi. Mgeni alizitazama nyuzi zile kama mtu anayetazama maktaba. Akatoa daftari, akachora kila fundo.

Kisha akainua macho akaona kibati. Akainuka, akakisogelea, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Nilimwambia mwalimu, aliyekuwa amepita kuwakagua, kwamba kibati kile kimeshasomwa. Mama Taratibu akasema neno lake lile moja, akaendelea. Ilimchukua dakika kumi na moja kwa mistari mitatu. Naeleza dakika kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani, sikuwa na pengine pa kutazama.

Mwalimu akatafsiri. "Mstari wa kwanza: usipakie zaidi ya kilo kumi na tano."

Mkunjaji, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameusukuma mlango ule kwa goti, akanigeukia.

"Wa pili: kila wiki zima mashine, fungua mlango mdogo wa chini, safisha chujio."

"Mlango mdogo upi?" mke wangu akauliza.

"Wa tatu: ukiwa na shaka, uliza."

"Na lile la kupumzika saa saba?" akauliza mkunjaji.

Mwalimu akakikagua tena. "Halipo."

"Na la mtu mwenye maneno mengi?"

"Nalo halipo, ndugu yangu."

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wacheke. Mkunjaji ni mtu mchangamfu kwa asili, watu wa mtaani wanasema akiwa nyumbani kwake ni hodari wa kuimba. Kwa miaka kumi na tisa, karibu na mashine ile, amezungumza kwa kunong'ona.

Lalamiko la nne ni kwamba waliufungua mlango mdogo.

Ulikuwa nyuma ya benchi ninalokalia wakati wa chai. Mkunjaji alizima mashine, akafunga maji, akasogeza benchi bila kuniomba, akafungua. Ndani mlikuwa na kitu kama kondoo. Yalikuwa manyoya ya nguo za miaka kumi na tisa, yameshikamana. Ndiyo maana mashine ilikuwa haimwagi maji. Mke wangu alitandaza gazeti sakafuni, wakayachambua. Vikatoka vifungo kwa mamia, ndoano za sidiria, kalamu, jino moja la bandia ambalo mwenyewe hajajitokeza, na hereni moja ya dhahabu yenye jiwe la kijani.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, ili usije ukasikia kwa watu wengine.

Miaka sita iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya bweni, ambaye ni mteja wetu mkubwa, alipoteza hereni moja. Alisema iling'ang'ania kwenye foronya, foronya ikaletwa kwetu, na hereni ikaishia kwetu. Akadai jibu kabla ya jioni, la sivyo shuka za shule nzima zingehamia kwa dobi mwingine. Aliyekuwa anapokea foronya ni dada mkubwa wa mke wangu, shemeji yangu, mpiga pasi wa miaka kumi na mitatu ambaye hajawahi kuunguza hata kola. Watu wengine walihoji, mwizi gani anaiba hereni moja? Mimi nilieleza kuwa huo ndio ujanja wenyewe: anaiba moja ili watu waulize swali kama hilo. Jibu lilipatikana kabla ya jioni.

Shemeji hakujua kusoma. Nikaandika karatasi, nikamwita, nikamwambia ni ya kumshukuru kwa kazi ya miaka yote, aweke dole gumba, kisha apumzike nyumbani kwa muda. Akaweka, akasema ahsante. Karatasi hiyo kwa kweli ilikuwa na maneno mengine. Niliisoma kwa ufupi. Nyumbani nikamwonyesha mke wangu dole gumba la dada yake na kumwambia amekiri. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakusemezana. Mkubwa alisikia mitaani kuwa anaitwa mwizi, akaamini maneno yametoka kwa mdogo wake. Mdogo aliamini dada kaiba, na hata kuaga hakuaga. Mimi nilikuwa katikati, nikiwaheshimu wote wawili.

Lalamiko la tano linahusu uso wa mke wangu alipoifuta hereni ile kwa upindo wa gauni lake. Nimejaribu kuliandika mara mbili. Nitalieleza siku nyingine.

Lalamiko la sita ndilo kubwa kuliko yote, nalo linawahusu ninyi moja kwa moja, kwa kuwa ninyi ndio mliomfundisha kusoma.

Mke wangu aliitoa karatasi kwenye droo ya kaunta, chini ya sanduku la nyuzi, ilipokaa miaka sita. Hakuisoma pale. Aliikunja, akaondoka na mgeni. Jioni yake nikawakuta sebuleni kwangu watu wanne: mke wangu, Mama Taratibu, mwalimu wenu aliyeitwa awe shahidi, na shemeji. Sikuwa nimemwona shemeji kwa karibu tangu siku ile. Amekuwa akifua kwa mikono kwenye nyumba za watu. Vidole vyake vimepasuka kwenye vifundo, na alikuwa amevikalia, kama mtu anayeficha kitu cha kuazima.

Mke wangu akaweka karatasi mezani. Nasikia darasani kwenu wanafunzi wetu walikuwa wanaona haya kusoma kwa kidole, kwa sababu ni alama ya anayeanza. Mgeni amewafundisha kuwa kwao kidole si aibu. Kwa hiyo mke wangu aliweka kidole, akasoma kwa sauti, silabi moja moja. "Mi-mi ni-na-ye-we-ka do-le gu-mba..." Umewahi kusomewa maneno yako mwenyewe kwa mwendo huo? Unapata nafasi ya kukutana na kila neno kabla halijafika. "...na-ki-ri ku-wa ni-me-chu-ku-a he-re-ni..."

"Rudia hapo," shemeji akasema.

Akarudia.

"Shemeji," akaniambia, na hakupandisha sauti, "uliniambia hii ni ya shukrani. Niliishukuru hiyo karatasi. Usiku ule niliwasimulia wanangu kuwa nimeandikwa vizuri."

Kisha akaniuliza:

"Kwa nini ulifanya hivi?"

Ndugu Mratibu, nina majibu ya maswali mengi. Nina jibu la mvua inayoganda. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile nilichokishtaki katika lalamiko la pili. Nilisema, "Sijui." Kisha nikasema, "Nilimwogopa mwalimu mkuu."

Hapo mgeni aliuliza karatasi ile ni ya nini, akaelezwa. Akaongea kwa muda, mwalimu akitafsiri huku anatazama chini. Kumbe naye, kazini kwake kule, aliwahi kuweka dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya likizo, kumbe ni ya kuacha kazi. Ilimchukua mwaka mzima kurudishwa. Ndiyo sababu aliingia darasani akiwa na miaka hamsini na minne. Shemeji alimtazama mgeni, mgeni akamtazama shemeji, kisha yule mama akachukua mkono wa shemeji uliopasuka, akauweka juu ya meza, juu ya karatasi, mahali ambapo kila mtu aliuona. Mke wangu akahamia kiti cha pembeni ya dada yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nikawasikia wakiongea wote kwa pamoja. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai, ambayo hakuna aliyeiomba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakufafanua mwenyeji yupi.

Lalamiko la saba ni dogo. Katika ripoti yenu ya ushirikiano, iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, duka langu limetajwa ukurasa wa pili. Limetajwa kwa sababu kituo cha ng'ambo kimechukua mfumo wa nyuzi na mafundo wa mke wangu ili kuwasaidia wanafunzi wao wapya kutunza orodha kabla hawajajua kuandika. Ipo picha yake. Katika picha hiyo mimi ni kiwiko upande wa kushoto.

Kwa sababu hizi naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Ushirikiano usimamishwe mara moja. Wageni wajao wafunikwe macho wanapopita karibu na mashine. Neno "sijui" litolewe kwenye masomo ya mwaka wa kwanza, au libakizwe kwa wenye digrii, ambao hawalihitaji. Mtu mzima asifundishwe kusoma bila kibali cha maandishi cha mwenzi wake. Na kwa kuwa asiyejua kusoma hawezi kuhakiki kibali hicho, asomewe na mwenzi huyo huyo, kwa ufupi. Mwisho, mke wangu arudishwe alivyokuwa. Nipo tayari kugharamia usafiri.

Nisalimie walimu wote, hasa yule aliyetafsiri, ambaye alikuwa na nafasi ya kukosea akakataa kuitumia. Nisalimie mlinzi wa getini na mama wa chai. Nisalimie na wale wanafunzi kumi na wawili wa ng'ambo mkiwaandikia, na watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Wako asiyechoka kueleza,

Mwenye Duka la Dobi la Kona
(wateja huniita Bwana Saa Kumi)

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku tatu kwa sababu mke wangu alitaka kuipitia. Amesahihisha maneno saba na hakufuta hata moja. Akasema ipelekwe kama ilivyo, ili ijulikane nilikuwa nawaza nini.

Shemeji amerudi kazini Jumatatu. Sharti lake ni kwamba chujio nisafishe mimi, nami nalisafisha. Ile karatasi hakutaka ichanwe. Ameandikishwa kwenu mwaka wa kwanza, na karatasi hiyo ndiyo anayojifunzia herufi, anasema hakuna kitabu kitakachomfanya awe makini hivyo. Nimeandika nyingine inayosema hakuchukua kitu na kwamba mwongo nilikuwa mimi, nimeibandika mlangoni pa duka. Mteja asiyejua kusoma namsomea yote. Hereni nilimpelekea mwalimu mkuu kwa mkono wangu. Hakuitazama sana. Aliuliza, "Na yule mama mlimfanyaje?" Nikamweleza nikiwa nimesimama. Jioni alikuja dukani mwenyewe, akakaa na shemeji nyuma ya pazia kwa muda mrefu, na sikuambiwa walizungumza nini.

Sasa kuna jambo dogo ambalo ndilo hasa lililonifanya nitafute bahasha. Pasi yetu kubwa ya mvuke nayo ina kibati, kwa herufi za nchi nyingine kabisa, ambazo hata mwalimu wenu hazijui. Jana shemeji aliniuliza panasema nini, nikamwambia ngoja nitaulizia. Kama mna ushirikiano na watu wanaoandika hivyo, au mnaweza kuuanzisha, nakuomba utuletee mgeni. Kazi yake iwe yoyote. Nimekichora kibati chote nyuma ya ukurasa huu, ila sina hakika upande upi ni wa juu.